Nyembe za Rod el-Farag: Sauti Isiyo ya Mwenyewe

"Kijana huyu hakutamka hata neno moja katika filamu hii."

Hapo ndipo tulipoachana Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Wewe ulikunja gazeti ukaenda zako kula. Afaf alibaki palepale kwenye kochi la Madame Ferial, glasi ya chai mkononi, asijue ainywe au aiweke chini.

"Sijakuelewa, Madame."

"Umenielewa, hutaki tu." Bibi yule alimsukuma paka wake kwa ncha ya kiatu ampishe. "Mimi ndiye niliyeikata ile filamu na kuiunganisha, Mungu anisamehe. Niliomba jina langu lisiandikwe, wakaliandika, tena kwa makosa. Ninachokwambia nakijua. Uso ni wa kaka yako. Sauti si yake."

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi, habari ni hii. Afaf ni mshona mapazia wa Rod el-Farag, hapa Kairo, mwanamke wa miaka arobaini asiyeamini kitu mpaka akigeuze upande wa ndani autazame upindo. Kaka yake, Ragab, alipokuwa na miaka kumi na saba aliokotwa mtaani na watengeneza filamu, akacheza Zalata, kijana mwizi anayeficha wembe chini ya ulimi. Filamu yenyewe, *Nyembe za Rod el-Farag*, ilikuwa takataka iliyopigwa harakaharaka kwa kamera ya kuazima. Baba yao, Hagg Metwalli, aliposikia majirani walioiona ikipigwa wanamwita baba wa mwizi, alimpiga mwanawe mbele ya watu. Ragab akaondoka kwenda Iraki kutafuta kazi. Hakurudi, hakuandika. Sasa ni miaka thelathini na miwili.

Hagg alikufa. Filamu haikufa. Vijana ambao mama zao walikuwa bado hawajaolewa wakati ule wameifufua. Wanavaa uso wa Zalata kifuani. Wanaingia mikahawani wakisema maneno yake, "Usiogope, nimekuja kusalimia tu," na mkahawa mzima unaitikia. Kisha, karibu wiki mbili zilizopita, mwanamume mwenye ndevu za mvi alibisha hodi kwa mama yake Afaf, akasema maneno yayo hayo kwa sauti ileile. Mama alimwangukia shingoni.

Tangu siku hiyo Afaf hajalala usingizi wa kushiba. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye alikuwa anaitafuta hiyo kamba. Mgeni hakukumbuka jina la jirani hata mmoja, lakini aliujua wimbo wa kulaza mtoto. Hakujua swichi ya taa ya msalani iko wapi, lakini alijua kwamba Afaf alipokuwa mdogo aliitwa Panya. Kila aliposhuku, sauti ilimshinda. Alikuwa na miaka minane Ragab alipoondoka. Sura aliisahau, ila sauti aliijua, maana aliisikia kila Alhamisi kwenye kaseti ya mama.

Na sasa hata hiyo sauti anaambiwa si yake.

"Zilikuwa filamu za kandarasi, binti yangu," alisema Madame Ferial. "Tajiri wa Ghuba anataka kaseti, basi anapelekewa kaseti. Tulipiga picha bila sauti. Mtaani kwenu punda wanalia, wauza gesi wanagonga mitungi tangu asubuhi, nani angenasa neno pale? Picha kwanza, sauti baadaye studioni. Kila mwigizaji anajitazama mwenyewe ukutani na kusema maneno yake upya. Siku hiyo walikuja wote. Kaka yako hakuja. Alikuwa ameshapanda meli bandarini Nuweiba, njia ya Iraki."

"Nani akasema badala yake?"

"Mwanafunzi mmoja wa uigizaji. Tulimjua kwa tangazo la sabuni redioni. Wagdi. Jina la baba yake limenitoka. Alikuwa na sauti ya asali na uso wa njaa, kwa hiyo hakuna aliyetaka kumpiga picha."

"Lakini midomo..."

"Midomo haiendi na maneno, hata mtoto analiona hilo. Mtaani kwenu wanasema ni kwa sababu ya wembe chini ya ulimi. Na juzi alinijia kijana mmoja wa miwani kuniuliza kama kuchelewa kwa sauti ni falsafa. Nikamwambia ni uvivu. Akaandika 'uvivu', akauzungushia duara."

Siku nyingine Afaf angecheka. Leo alijiona amenyang'anywa kitu. Kila Alhamisi, baada ya sala ya alasiri, mama yake aliweka kaseti. Kaseti zilipopitwa na wakati akatafutiwa diski, na diski zilipopitwa akawekewa kwenye simu. Zalata akisema, mama huitikia, kama anavyoitikiwa mtu aliye chumba cha pili. Ndiyo, mwanangu. Jihadhari, mwanangu. Miaka yote hiyo alikuwa akimwitikia mtoto wa mwanamke mwingine. Iliuma, na Afaf hakuficha. Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Huyo Wagdi yuko wapi sasa?"

"Mimi nitajuaje? Waulize wauza sabuni." Kisha Madame akamtazama sawasawa. "Kwa nini unauliza hivyo? Nani amekuja kwenu?"

Afaf alikuwa ameshafika mlangoni.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Saa kumi na moja jioni hiyohiyo, katika jumba la sinema la zamani huko Shubra, filamu ingeonyeshwa mbele ya umati, na mgeni angepandishwa jukwaani kama Zalata aliyerudi. Mama angekaa safu ya mbele. Kamera zingekuwepo, na simu mia zingekuwa hewani. Mama akishambusu mtu yule mbele ya Misri nzima na kumwita mwanangu, nani tena angehangaika kumtafuta Ragab wa kweli? Angekuwa amepatikana. Mtu aliyepatikana hatafutwi.

Afaf aliingia treni ya chini ya ardhi, akashuka Shubra, akaenda moja kwa moja kwenye jumba la sinema.

Mwandaaji wa shughuli alikuwa juu ya ngazi akitundika bango. Jina lake Nadim, mtoto wa daktari, miwani mikubwa, kijana aliyeiona filamu ile mara nyingi kuliko alivyomwona nyanya yake. Ndiye huyohuyo wa 'uvivu'. Kifuani alivaa fulana yenye uso wa Ragab.

"Shuka, Ustaz Nadim."

"Dada Afaf! Karibu. Mama amejiandaa? Nimemwekea kiti chenye mto."

"Shuka kwanza. Mtu wenu ni mwongo."

Alishuka. Afaf alimweleza yote aliyoyasikia kwa Madame Ferial, bila kumung'unya. Alitegemea kijana abishe, au akasirike, au aombe ushahidi. Nadim alivua miwani, akaifuta kwa fulana, akaivaa tena. Alianza kutabasamu.

"Subiri. Unaniambia Zalata ni watu wawili?"

"Nakwambia mnayetaka kumpandisha jukwaani si kaka yangu."

"Uso wa mmoja, sauti ya mwingine." Alishika kichwa. "Ndiyo maana maneno yanachelewa. Nimeandika kurasa nne kuhusu roho iliyochelewa kuufikia mwili, na kumbe ni kweli, dada. Ni kweli tupu."

"Ni uvivu. Umeshaambiwa."

"Hii ni bora zaidi. Tutamtambulisha kama Sauti. Watu wanakuja kuisikia ile sauti, hawaji kumwona mtu mnene wa miaka hamsini. Akisema maneno yake mara moja tu, jumba litaanguka."

"Na kaka yangu?"

Nadim hakuwa mtu mbaya, msomaji, ilikuwa tu hajawahi kufikiri kwamba Zalata ana dada. "Kaka yako," alisema polepole, "ni kitu kikubwa. Ni alama. Vijana wanampenda mno."

"Amekufa au yu hai?"

"Nani?"

"Hiyo alama."

Afaf alitazama uso wa Ragab kifuani pa kijana, umekunjamana penye tumbo na jicho moja limepauka kwa kufuliwa.

"Vua," alisema.

"Dada?"

"Vua uso wa kaka yangu. Utatafuta mwingine wa kufutia miwani."

Nadim alidhani ni utani. Alipoona si utani aliivua kweli, akabaki na singleti mbele ya watu waliokuwa wanapanga viti. Afaf aliikunja fulana ile kama mtu anavyokunja pazia la mteja, akaitia kwenye mkoba. Alipofika mlangoni alisikia kijana anamwita mwenzake: "Badilisha bango. Andika SAUTI, kwa herufi kubwa."

Basi hakuna wa kumsaidia. Njia nzima ya kurudi Rod el-Farag, Afaf alijiuliza swali moja. Atamwambiaje mama? Mama Ragab, maana tangu mtoto wake wa kwanza azaliwe hakuna aliyemwita Tafida tena, alikuwa na miaka sabini na sita na moyo unaomezeshwa vidonge asubuhi na jioni. Katika wiki hizi mbili alikuwa amenenepa. Alikuwa akiimba jikoni. Afaf alikuwa anakwenda kumvunja, tena kwa mikono yake mwenyewe, na alimchukia mgeni yule kwa kumfanya yeye ndiye mvunjaji.

Ngazi zilinukia kitunguu saumu na giligilani tangu ghorofa ya kwanza. Mulukhiya, mchuzi wa majani kama mlenda, na ilikuwa ya nyumba yao.

Mgeni alikuwa mezani amevaa kanzu ya marehemu Hagg Metwalli. Mama alikuwa amesimama kando yake akimvunjia mkate, mkate wa moto, na kumsogezea kibakuli cha chumvi.

"Panya amerudi," alisema mgeni kwa sauti ile ya asali. "Njoo ule, mdogo wangu. Umekonda kwa hasira."

"Hujambo, Wagdi," alisema Afaf.

Tonge lilisimama katikati ya sahani na mdomo.

"Wagdi nani?"

"Wagdi wa sabuni. Bado unaiogea, au ilikwisha?"

Mgeni alimtazama Afaf, akamtazama mama, akautazama mlango. Afaf aliziba mlango kwa mwili wake. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu, kwa kelele, kwa kuapa kwa Mtume, kwa mama kuzimia. Alichojiandalia hakikutokea.

"Afaf," alisema mama, "funga huo mlango. Jirani yetu Mama Shawqi ana masikio ya popo."

Alifunga.

"Sasa kaa."

"Mama, nisikilize, na ushike kiti. Huyu si Ragab."

"Najua."

Mama alichota mulukhiya akaitia kwenye bakuli la tatu. Mgeni alianza kuinuka.

"Na wewe kaa," alimwambia bila kumtazama. "Hujamaliza mkate."

Alikaa.

"Unajua tangu lini?" Afaf alisikia sauti yake mwenyewe imekuwa ya mtoto.

"Tangu siku aliyovuka kizingiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mlidhani mimi nilizaa kaseti?"

"Ulimwangukia shingoni. Ulilia mpaka majirani wakaja."

"Nililia, ndiyo. Machozi hayazuii mikono kufanya kazi. Nilikuwa natafuta kovu nyuma ya sikio. Ragab alipigwa jiwe na mtoto wa muuza makaa, wewe hujazaliwa, akashonwa na mganga wa meno. Nilipapasa kulia, nikapapasa kushoto. Sikio safi kama la mtoto mchanga. Nikaendelea kulia, kwa sababu hapo ndipo nilipopata sababu ya kulia."

Afaf alikaa.

"Wiki mbili mimi silali, mama. Nimezunguka Kairo nzima. Hukuniambia."

"Uso wako ni dirisha lisilo pazia, binti yangu. Wewe ukijua, na yeye angejua."

"Kwa nini hukumfukuza?"

"Alijua wimbo." Kwa mara ya kwanza mama alikaa, akaiweka mikono mezani. "Wimbo ule nilimwimbia Ragab peke yake. Hata wewe hukuimbiwa, usinikasirikie, ulikuwa mtoto wa kulala. Marehemu hakuujua. Aliyemfundisha huyu wimbo ule ni mwanangu kwa mdomo wake. Nikimfukuza, nafukuza na njia ya kumfikia. Basi nikampikia." Alikigusa kibakuli cha chumvi kwa kidole. "Amekula mkate na chumvi yangu asubuhi, mchana na jioni. Hakuna mtu aliyezaliwa kwenye nchi hii awezaye kula mkate na chumvi ya mama wa mtu kisha amfiche habari ya mwanawe. Nilikuwa nangoja imkwame kooni."

"Na leo? Ungekwenda kumbusu mbele ya watu?"

"Saa kumi tumbo lingeniuma. Nimeshanunua hata dawa."

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, msomaji wangu. Sisi tulimwona bibi kizee anayedanganywa, kumbe ndiye aliyetega. Afaf alimtazama mama yake kama mtu anayekutana naye leo. Alimwonea fahari, na papo hapo alimwogopa kidogo.

Na ikakwama kweli. Mgeni alikuwa ameinamia sahani, mabega yakimtetemeka. Alipozungumza ilikuwa ni sauti ya Zalata, lakini Zalata hakuwahi kulia katika filamu.

"Yu hai," alisema.

Mama alifumba macho tu, akayafumba kwa nguvu, kama mtu aliyeingiwa na sabuni.

"Wapi?" aliuliza Afaf.

"Iskandaria."

Iskandaria, msomaji. Si Baghdadi, si kaburini, si gerezani ng'ambo ya majangwa. Watu huenda Iskandaria asubuhi kula samaki wakarudi usiku kulala kwao.

"Tangu lini?" alisema mama, macho bado yamefumba.

"Tangu aliporudi kutoka Iraki, mwaka wa vita vya Kuwait. Alikuja hapa, mama. Alipanda hizi ngazi. Akasikia ndani sauti ya kijana inasema, nawe unaiitikia, ndiyo mwanangu. Alisimama nje ya mlango huu. Aliniambia hivi: nilisikia nyumbani kuna Ragab mwingine, tena anapendwa, na Hagg yupo, anamvumilia. Mimi nibishe hodi kama nani? Akashuka. Akasema atarudi mwaka unaofuata. Miaka ikishapita kumi, kubisha hodi kunakuwa kazi nzito, mama. Wewe hujui."

"Wewe na yeye mmejuana wapi?" Afaf hakuwa tayari kulainika. Mtu aliyedanganya wiki mbili anaweza kudanganya wiki mbili na siku moja.

"Mkahawani, majira ya baridi. Vijana walinitambua kwa sauti, wakanitaka niseme yale maneno. Nikasema, wakapiga makofi. Meza ya nyuma mtu mmoja hakupiga. Alikuja akaketi mbele yangu, akasema, 'Umekula maisha yangu, angalau ninunulie kahawa.' Nikautazama ule uso. Nilikuwa nimeutazama ukutani siku nzima studioni, neno kwa neno. Ningeutambua hata gizani."

"Na wimbo?"

"Alinifundisha yeye. Na jina la Panya. Shauri hili ni lake." Alijifuta uso kwa mkono wa kanzu ya Hagg. "Alisema, nenda wewe. Sauti wanayoijua wao ni yako. Mama akikugundua na kukufukuza, nitakuja siku hiyohiyo nimbusu miguu. Akikupokea, basi mimi hanihitaji, na nitajua."

Kijiko cha Afaf kiligonga bakuli. Yeye alishaona mambo yanakoelekea. Mama alikuwa bado hajaona.

"Ukamwambia nini?" aliuliza mama.

"Kila siku nilisema kesho atanigundua. Wallahi, mama. Na kila siku ulinipa mkate wa moto. Mimi sina mama, alikufa nikiwa darasani..."

"Nimekuuliza ulimwambia nini mwanangu."

"Nilimpigia jana. Nikamwambia nilichokiona. Kwamba ulinikumbatia. Kwamba unaniita mwanangu. Kwamba hujaniuliza hata swali moja."

Mama Ragab alikiweka chini kipande cha mkate alichokuwa amekishika. Alikiweka taratibu, kando ya sahani, akakisogeza kidogo kiwe sawa.

"Naye?"

"Akasema, 'Basi kaa hapo, Wagdi. Kaa nao.' Akakata. Tangu asubuhi napiga, hapokei."

Mtego wa mama ulikuwa umenasa, lakini aliyenaswa ni mwanawe. Afaf alimwona mama yake akizeeka palepale mezani, miaka yote aliyokuwa ameikimbia kwa wiki mbili ikimrudia kwa pamoja. Alitaka kumshika mkono. Mama aliutoa.

"Mjinga," alisema mama. "Mjinga kama baba yake. Kunijaribu mimi." Alisukuma sahani kando. "Piga."

"Hatapokea, mama."

"Yako hatapokea, namba yako anaijua. Afaf, toa simu yako."

Afaf alitafuta simu mkobani, chini ya fulana ya Nadim. Wagdi alitaja namba kwa kichwa, akakosea, akarudia. Huko chini gari lilipiga honi mara mbili. Walikuwa watu wa sinema wamekuja kumchukua mgeni wao na bibi wa kiti chenye mto. Hakuna aliyekwenda dirishani.

"Iwe wazi tusikie sote," alisema mama. "Na nipe mimi."

Simu ililia. Ililia tena. Mama aliishika kwa mikono miwili, karibu na mdomo, midomo yake ikijaribu maneno bila kuyatoa. Afaf alijua anachojaribu, maana naye alikuwa anayajaribu. Unamwambia nini mtu aliyesimama nje ya mlango wako ukamjibu mwingine?

Ikapokewa.

"Aloo?"

Ilikuwa sauti nene, kavu, ya mtu wa sigara nyingi, inayokata maneno kama watu wa bandarini. Haikuwa na asali hata tone.

Mama alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

"Aloo, nani mwenzangu? Namba hii siijui. Sema, au nakata."

Afaf alimgeukia Wagdi amwambie kama ndiye. Wagdi alikuwa ameufunika uso kwa viganja, analia kwa kwikwi. Mama akaiziba simu kwa kiganja. Macho yake, ambayo kwa wiki mbili hayakuwa na shaka hata chembe, yalimtazama binti yake yakiomba msaada.

"Afaf," alinong'ona, "sauti hii siijui."

Upande wa pili mwanamume alivuta pumzi.

"Haya," alisema. "Nakata."